Kipima pumzi nacho sharti kipimwe

Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesimama hadharani kumtetea dereva anayeshika usukani akiwa chakari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2021 watu wapatao milioni 1.19 walipoteza maisha yao barabarani kote ulimwenguni, na kileo ni miongoni mwa visababishi vinavyotajwa kila mara maafa hayo yanapochunguzwa. Hapa kwetu ni nadra kupata kijiji ambacho hakijapata kumzika mtu aliyeangamia katika ajali ya gari. Kwa hivyo, makala haya hayana nia ya kumtafutia mlevi kichaka cha kujifichia.

Nia yangu ni kuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, halijaulizwa vya kutosha katika magazeti yetu wala katika madarasa yetu. Serikali inapokikabidhi chombo kidogo cha mkononi kazi ya kutoa ushahidi dhidi ya raia, ni nani anayekitolea ushahidi chombo hicho chenyewe? Mwuza nyama wa sokoni hawezi kutumia mizani ambayo haikukaguliwa na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo. Mnunuzi akipunjwa, hasara yake ni vipande viwili vitatu vya nyama. Dereva akipunjwa na kipima pumzi, hasara yake ni uhuru wake, leseni yake, kazi yake na jina lake. Na kikimpunja upande wa pili, yaani kikimwachilia aliyepaswa kuzuiwa, hasara ni maisha ya abiria na wapita njia. Iweje basi nyama ilindwe kwa kanuni kali kuliko uhuru na uhai?

Nianze na fani yangu, maana mkanganyiko wa mambo mara nyingi huanza katika mkanganyiko wa maneno. Vyombo vyetu vya habari vimezoea kusema "kifaa cha kupima ulevi". Mitaani watu husema tu Alcoblow, jina la kibiashara ambalo limegeuka kuwa nomino ya kawaida, kama lilivyogeuka jina Breathalyzer huko Marekani. Jina la kibiashara halina ubaya wake. Lugha zote hukopa. Lakini hilo fungu la maneno la kwanza ndilo linalotupotosha. Kifaa hiki hakipimi ulevi. Hakijawahi kupima ulevi. Kinachopimwa ni kiasi cha kileo kilichomo katika pumzi.

Msomaji asidhani kwamba huu ni ubishi wa walimu wa sarufi tu. Kiswahili kinatofautisha mambo haya kwa usahihi wa kupendeza. Aliyekunywa ni mtu aliyetenda tendo. Aliyelewa ni mtu aliyefikwa na hali, na hali hiyo huonekana katika mwendo, usemi na macho yake. Mlevi ni mtu ambaye hali hiyo imekuwa tabia yake. Kuna aliyekunywa lakini hakulewa; kuna aliyelewa jana lakini si mlevi; na kuna mlevi ambaye leo hajaonja hata tone. Sasa sheria za kisasa zimetuletea mtu wa nne, ambaye lugha ya jadi haikumjua: aliyepita kiwango. Mtu huyu huenda akatembea wima na kuzungumza bila kukwama, lakini kileo kilichomo mwilini mwake kimezidi tarakimu iliyowekwa na bunge au waziri. Kifaa kinamjua huyu wa nne tu. Hao wengine watatu hakiwajui.

Tofauti hii imewahi kuitikisa sheria yetu yenyewe. Kanuni za kutumia vifaa hivi zilitungwa mwaka wa 2011 chini ya Sheria ya Trafiki, na mnamo Desemba 2013 vifaa vikaanza kuonekana katika barabara za Nairobi usiku. Madereva wengi walikamatwa na kushtakiwa. Hatimaye suala hilo lilifika katika Mahakama ya Rufaa, ambayo mwaka wa 2017 iliamua kwamba kanuni hizo zilikwenda kinyume na sheria mama iliyozizaa. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, kilivyosomeka wakati huo, kilimlenga dereva aliyeathiriwa na kinywaji kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari lake barabara. Kanuni kwa upande wake zilimlenga aliyepita kiwango. Kwa maneno mengine, sheria ilizungumza juu ya aliyelewa, kanuni zikazungumza juu ya mtu wa nne, na mashtaka yakawachukulia wawili hao kuwa mmoja. Laiti watungaji wangetofautisha maana mapema, jasho jingi la polisi, mahakimu na mawakili lingeokolewa.

Tukiisha kujua kinachopimwa, tutazame jinsi kinavyopimwa. Wahenga walituasa tusione vyaelea, vimeundwa. Tarakimu inayong'aa kwenye kioo cha kifaa nayo inaelea, tuone ilivyoundwa.

Mtu akinywa pombe, kileo huingia katika damu na kusambaa mwilini. Damu hiyo hupita mapafuni, na sehemu ndogo ya kileo hugeuka mvuke na kuchanganyika na hewa inayotolewa. Kwa kuwa uwiano wa kileo kilichomo katika damu na kile kilichomo katika hewa ya ndani kabisa ya mapafu unakaribia kuwa thabiti, mtu anaweza kuikisia damu bila kumchoma mtu sindano. Rolla Harger, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Indiana huko Marekani, alibuni chombo cha kwanza cha aina hiyo mwaka wa 1931. Mshukiwa alipuliza katika puto, na hewa yake ikapitishwa katika kemikali iliyobadilika rangi. Mwaka wa 1954 Robert Borkenstein, aliyekuwa afisa wa polisi katika jimbo hilohilo, alibuni chombo chepesi zaidi ambacho rangi yake ya manjano ilififia kwa kadiri ya kileo. Uingereza nayo ilipitisha Sheria ya Usalama Barabarani mwaka wa 1967, Barbara Castle akiwa Waziri wa Uchukuzi, ikaweka kiwango cha miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu.

Vifaa vya leo havitumii tena rangi. Vile vya mkononi huwa na kiseli kidogo chenye madini ya platinamu. Kileo kikifika hapo hugeuzwa kuwa asidi ileile inayopatikana katika siki, na mgeuko huo huzalisha umeme. Kileo kikizidi, umeme nao huzidi. Mashine kubwa za kituoni huimulika pumzi kwa miali isiyoonekana na macho, kisha hupima ni kiasi gani cha miali hiyo kimefyonzwa na kileo. Mbinu zote mbili ni za kisayansi na zimejaribiwa kwa miongo mingi. Sina ugomvi nazo.

Lakini hebu mwalimu wa hisabati awape wanafunzi wake hesabu ifuatayo. Ili kuigeuza pumzi kuwa damu, lazima tuchague kizidishio. Waingereza walichagua 2300. Wamarekani walichagua 2100. Chukua miligramu 80, ambazo ni sawa na mikrogramu 80,000, ugawanye kwa 2300. Utapata 34.8, na ndiyo maana kiwango cha pumzi nchini Uingereza kiliwekwa kuwa mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi. Gawanya mikrogramu zizo hizo kwa 2100, nawe utapata 38.1. Sasa mchukue dereva mmoja ambaye pumzi yake ina mikrogramu 36. Kwa kizidishio cha Uingereza damu yake ina miligramu 82.8: amepita kiwango. Kwa kizidishio cha Marekani ana miligramu 75.6: hajafika 80. Ni pumzi moja, mtu mmoja na glasi zilezile, lakini hukumu ni mbili.

Je, sayansi imedanganya? La, hasha. Sayansi inasema kwamba uwiano huo hutofautiana kidogo baina ya mtu na mtu, na hata kwa mtu yuleyule baina ya saa moja na nyingine. Kuchagua nambari moja kati ya nyingi ni kazi ya watunga sheria. Tarakimu ya kifaa basi ni mkataba wa kijamii uliovishwa joho la sayansi. Mkataba si jambo baya, bali hauna budi kuandikwa, kutangazwa na kuheshimiwa na pande zote mbili, polisi na raia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kanuni za kifaa na za mtu anayekiendesha. Hitilafu za kipimo hiki zinajulikana, na karibu zote zina dawa. Mtu aliyetoka kunywa funda la mwisho sekunde chache zilizopita, au aliyesukutua kinywa kwa dawa yenye kileo, au aliyecheua, ana kileo kinywani ambacho hakijatoka mapafuni. Kifaa kikimpima papo hapo kitatoa tarakimu kubwa kupindukia. Dawa yake ni kungoja: baada ya robo saa hivi kileo cha kinywani huwa kimekwisha. Aidha, pumzi ya mwanzo hutoka kooni, si mapafuni, kwa hiyo mpulizaji lazima apulize kwa kutosha. Tena vifaa husawazishwa kwa kupitishiwa mvuke wa mchanganyiko wa maji na kileo ambao kiasi chake kinajulikana, na mchanganyiko huo huwekwa katika joto la nyuzi 34 za Selsiasi. Joto likipanda kwa nyuzi moja tu, mvuke wa kileo huongezeka kwa kiasi cha asilimia 6 au 7. Kipimajoto kibovu kikitumika siku moja kukisawazisha kifaa, kosa lake litajirudia katika kila pumzi itakayopimwa hadi siku ya kukisawazisha tena.

Kwa mfano wa kanuni zilizofikiriwa kwa kina, nimeuchagua uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey, Marekani, uliotolewa Machi 2008. Mashine iliyobishaniwa ilikuwa Alcotest, iliyotengenezwa na kampuni ya Kijerumani ya Dräger. Mahakama haikuridhika na maneno ya mtengenezaji. Ilihakikisha kwamba programu ya kompyuta iliyomo ndani ya mashine imechunguzwa na wataalamu wa pande zote. Kisha ikakubali mashine itumike, lakini kwa masharti. Mpimaji awe na cheti halali. Mshukiwa atazamwe kwa dakika 20 mfululizo kabla ya kupuliza, asile, asinywe, asitapike. Akicheua, hesabu ya dakika ianze upya. Apulize mara mbili, na matokeo yasipolingana kwa karibu yasitumike. Mashine isawazishwe kila baada ya miezi sita. Na hati zinazothibitisha hayo, kuanzia cheti cha mpimaji hadi rekodi ya kusawazishwa kwa mashine, akabidhiwe mshtakiwa.

Kuna sharti moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa sheria alitafakari. Mashine hiyo ilidai angalau lita 1.5 za hewa. Asiyefikisha alionekana kama anayekataa kupimwa, na kukataa ni kosa. Ushahidi wa kitaalamu ulionyesha kwamba wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 60 huenda wasiweze kufikisha kiasi hicho, si kwa ukaidi, bali kwa udogo wa mapafu. Mahakama iliagiza kwamba kwao lita 1.2 zitosheleze. Naam, kanuni njema hufikia hata pumzi ya bibi kizee.

Miaka kumi baadaye jimbo hilohilo likavuna matokeo ya kanuni kutofuatwa. Ilidaiwa kwamba afisa mmoja wa polisi aliyehusika na kusawazisha mashine katika kaunti tano alikuwa akiruka hatua moja: kuhakiki joto la mchanganyiko kwa kipimajoto ambacho usahihi wake umethibitishwa na taasisi ya taifa ya vipimo. Ilikuwa hatua ya dakika chache. Mnamo Novemba 2018 Mahakama ya Juu iliamua kwamba matokeo ya mashine alizozisawazisha hayawezi kutumika kama ushahidi. Idadi ya vipimo vilivyoguswa na uamuzi huo ilikuwa 20,667. Katika jimbo la Massachusetts hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa ofisi ya serikali iliyosimamia vifaa ilibainika kuwa imezificha rekodi za mashine zilizoshindwa kusawazika. Mwaka wa 2023 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba vipimo vilivyofanywa baina ya Juni 2011 na Aprili 2019 visitumiwe dhidi ya washtakiwa, nao walikuwa takriban watu 27,000.

Wako watakaosema, "Unaona! Kanuni nyingi ndizo zinazowaachilia walevi huru." Hoja hii husikika sana, nayo ina mvuto, kwa maana inatoka katika vinywa vya watu waliochoshwa na vifo. Lakini tuitazame kwa makini. Vipimo hivyo 20,667 havikutupwa kwa sababu kanuni zilikuwepo. Vilitupwa kwa sababu zilikuwepo na hazikufuatwa. Kama hazingekuwepo kabisa, vipimo vibovu vingebaki vikiitwa ushahidi, na hakuna ambaye angejua ni yupi aliyefungwa kwa haki na ni yupi aliyeonewa. Tena, tusisahau kwamba kifaa kisichosawazishwa hakikosei kwa upande mmoja tu. Huenda kikamwambia dereva wa matatu aliyelewa kwamba yu salama, naye akaondoka na abiria wake 14 kuelekea kwenye mteremko. Mwenye kudai kanuni kali za kifaa anawatetea abiria hao pia.

Niingie sasa katika sehemu ya mwisho ya hoja yangu, ambayo ndiyo iliyonisukuma kushika kalamu. Tumezungumza juu ya kifaa na juu ya mpimaji. Bado kuna kitu cha tatu kinachotumika usiku ule kando ya barabara, nacho hakikaguliwi na mtu yeyote. Kitu hicho ni lugha.

Mwaka wa 2010 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilikutana na kesi nyingine. Dereva mmoja, mzungumzaji wa Kihispania asiyejua Kiingereza, alikuwa amefikishwa kituoni baada ya ajali. Sheria ya jimbo ilimtaka polisi amwarifu mshukiwa matokeo ya kukataa kupimwa. Polisi alichukua tamko rasmi na kulisoma lote, kwa Kiingereza. Dereva alitikisa kichwa na kusema kwa Kihispania kwamba haelewi. Alihukumiwa kwa kosa la kukataa kupimwa. Mahakama ya Juu, katika uamuzi ambao haukuwa wa kauli moja, ilitengua hukumu hiyo. Sheria ilisema "kumwarifu", ilieleza mahakama, na kumsomea mtu maneno kwa lugha asiyoijua si kumwarifu. Hukumu ya kuendesha gari akiwa amelewa, iliyotegemea ushahidi mwingine, haikuguswa. Kufikia wakati huo serikali ya jimbo ilikuwa imekwisha kutayarisha tafsiri za tamko hilo kwa lugha kadhaa, zikiwemo za kusikilizwa.

Wanafunzi wa isimu watakumbuka hapa mwanafalsafa wa Uingereza, John Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1962, na ambaye alituonyesha kwamba kusema ni kutenda. Kuahidi, kuonya, kuamuru na kuarifu ni matendo yanayofanywa kwa maneno. Na kama matendo mengine, yaweza kushindikana. Onyo lisilofika katika fahamu ya anayeonywa ni sauti tu, sawa na mlio wa honi. Mahakama ile, pengine bila kulitaja jina la mwanafalsafa huyo, ilifikia hitimisho lilelile kwa njia ya sheria.

Sisi hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta kanuni hii. Imo katika Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 49 kinampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu za kukamatwa kwake, haki yake ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza. Kifungu cha 50 kinamhakikishia mshtakiwa mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha inayotumika kortini, na kinasisitiza kwamba habari yoyote anayostahili kupewa apewe kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mbegu zote zimo ghalani.

Hata hivyo, kanuni za 2011 zilitungwa na kubishaniwa kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho wake katika Mahakama ya Rufaa. Hapa usawa wa lugha zetu mbili rasmi unakuwa usawa wa karatasini. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Malaba anasimamishwa kwa Kiswahili, anaelezwa kifaa kwa Kiswahili kilichochanganywa na maneno mawili matatu ya Kiingereza, anashtakiwa kwa hati ya Kiingereza, kisha anasomewa shtaka na karani anayelitafsiri papo hapo kadiri ya uwezo wake. Karani mmoja atasema "ulipatikana ukiwa mlevi". Wa pili atasema "ulikuwa umekunywa". Wa tatu atasema "ulipita kiwango". Tumekwisha kuona kwamba hayo ni mashtaka matatu tofauti. Mshtakiwa atajibu "ni kweli" kwa lipi? Mtu aliyekunywa chupa moja ya bia na ambaye ni mkweli atakubali kwamba alikunywa, na kukubali huko kutaandikwa kwa Kiingereza kuwa kukiri kosa asiloelezwa.

Kwa sababu hizo, napendekeza mambo yafuatayo, na sidhani kwamba hata moja lapita uwezo wa nchi yetu.

Kwanza, kila kipima pumzi kiwe na nambari yake na kibandiko kinachoonyesha tarehe kiliposawazishwa na tarehe ya kusawazishwa tena, kama mizani ya sokoni. Mkaguzi asiwe idara ileile inayokitumia kukamata watu. Tunalo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), ambalo ndilo linalohifadhi vipimo sanifu vya taifa. Shirika la kimataifa linaloshughulikia vipimo vya kisheria, OIML, lilitoa mapendekezo juu ya vifaa hivi tangu mwaka wa 1998 na limeyapiga msasa baadaye, kwa hivyo hatuanzi kulima porini.

Pili, anayeendesha kifaa awe amefunzwa, ametahiniwa na kupewa cheti chenye tarehe ya mwisho. Leseni ya dereva ina mwisho wake. Na ya anayempima dereva iwe hivyo hivyo.

Tatu, itofautishwe baina ya kipimo cha barabarani na kipimo cha ushahidi. Kile cha barabarani kimpe polisi sababu ya kumpeleka mtu kituoni, basi. Kituoni mtu angojewe, atazamwe, apewe mrija mpya, apulize mara mbili, na tarakimu ndogo ndiyo ihesabiwe. Waingereza wamefuata mtindo huo wa pumzi mbili na tarakimu ndogo tangu mwaka wa 1983, na barabara zao hazikugeuka mahame ya walevi.

Nne, rekodi zote za kifaa zifunguliwe kwa mshtakiwa bila kuombwa kwa magoti.

Tano, na hili ndilo letu sisi watu wa lugha, maneno ya kumweleza mshukiwa yaandikwe mara moja kwa Kiswahili sanifu kilicho wazi, yakubaliwe na wanasheria na wanaisimu wakiwa wameketi pamoja, kisha yatafsiriwe kwa lugha nyingine za Kenya na kurekodiwa. Polisi ayasome au ayachezeshe kwenye simu yake yalivyo, bila kuongeza chumvi. Hata istilahi tusiwaachie wauzaji wa vifaa. Mimi napendekeza "kipima pumzi" mahali pa "kifaa cha kupima ulevi", na "kupita kiwango cha kileo" mahali pa "kupatikana mlevi". Aliye na maneno bora zaidi na ayalete, mradi yatofautishe yale yanayopaswa kutofautishwa.

Walimu wenzangu wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Somo moja tu la kipima pumzi laweza kukusanya kemia ya platinamu na siki, fizikia ya joto na mvuke, hisabati ya vizidishio, uraia wa Kifungu cha 49, na Kiswahili cha kunywa, kulewa na kupita kiwango. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akizifanya hesabu zile za 2100 na 2300 kwa mkono wake mwenyewe hataiabudu tena tarakimu kwa sababu tu imetoka kwenye mashine. Wala hataidharau. Ataiuliza imetoka wapi, imepimwa na nani, na inadai nini hasa. Kesho mwanafunzi huyo ndiye atakayekuwa polisi mwenye kifaa, au hakimu mwenye kalamu, au dereva mwenye mrija mdomoni.

Anayeendesha gari baada ya kunywa kupita kiasi anastahili kukamatwa, kushtakiwa na kuadhibiwa. Lakini adhabu hiyo isimame juu ya kifaa kilichokaguliwa, mikono iliyofunzwa na maneno yaliyoeleweka. Bunge na wizara zikiutunga upya mfumo huu, zisianze kwa kununua vifaa zaidi. Zianze kwa kuandika kanuni, na kuziandika katika lugha ambayo dereva wa lori wa Malaba anaweza kuisoma mwenyewe.